Kenge Katika Wimbi la Baba

Ndege waliokula wimbi la marehemu baba yangu walialikwa na mimi. Sikuwaalika kwa mdomo, lakini nilifanya yote ambayo mwenye karamu hufanya: niliwatengea mahali, nikahakikisha hakuna wa kuwabughudhi, nikaacha kelele zipeleke habari hadi kijiji cha pili. Nayaandika haya mwenyewe kwa sababu kwetu Sop Sop kisa hiki kimeshaanza kusimuliwa na watu wengine, na wanakisimulia vizuri kuliko ninavyopenda.

Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Busia, upande wa Uganda. Wanafunzi walikuwa wakiniita kenge miaka kadhaa kabla sijamfuga huyo kenge mwenyewe. Naambiwa ni kwa sababu ya mwendo wangu, kwamba tumbo hutangulia na shingo hugeuka huku na huku kana kwamba natafuta mayai ya watu. Kwa hiyo nilipompata kenge halisi, wengi walidhani nimeamua kulikubali jina. Ukweli ni kwamba tulimkuta katika kichuguu tulichokuwa tukikibomoa nyuma ya maabara. Alikuwa hajazidi urefu wa rula ya shule, ana madoa ya manjano mgongoni, na alinitazama bila heshima yoyote. Nikamtia katika kopo la rangi, nikatangaza kwamba ni kwa ajili ya somo. Somo lilichukua kipindi kimoja. Kenge alikaa kwangu miaka mitatu.

Alikula mayai, dagaa, panya, na siku moja soksi yangu ya kushoto. Kibali cha kufuga mnyama wa porini sikuwa nacho, na sikwenda kuuliza, maana jibu nililijua. Mama aliposikia alisema niangalie nisije nikamleta karibu na ng'ombe wake, kwa kuwa kenge hunyonya maziwa usiku ng'ombe asijue. Nilimweleza kwamba mdomo wa kenge haukuumbwa kunyonya. Akaniuliza kama nimewahi kumwona kenge akikataa maziwa. Sikuwa nimewahi. Baba mdogo, ambaye hupiga ile ngoma ndefu inayowambwa kwa ngozi ya kenge, yeye aliuliza tu mnyama amefika upana gani.

Nyumba niliyopanga Busia ina ua mdogo wenye mpera mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Kila asubuhi jua lilipofika kizingitini, kenge alitoka, akajilaza kama mstaafu, akafumba macho. Ndipo ndege walipoanza. Wa kwanza siku zote alikuwa mramba, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika, ambaye mwili wake ni mdogo kuliko ngumi lakini hamwogopi mtu. Alishuka kutoka kwenye waya wa umeme, akamdonoa kenge mkiani, akarudi juu kuwatangazia wenzake. Shore walikuja, wakajaa kwenye mpera wakipiga makelele. Kisha kunguru wawili walitua chini kabisa. Mmoja alisimama mbele ya kenge kumshughulisha na mwingine akamvuta mkia kwa nyuma. Kenge alifungua jicho moja, akatoa ulimi, akalifumba tena.

Mama jirani alikuwa na mazoea ya kuanika mpunga wake kwenye turubai uani, na ndege walikuwa wakiula bila huruma. Siku moja niliona kwamba kenge alipotoka, ndege wote waliuacha ule mpunga, wakaenda kumpigia kelele. Nilisisimka. Nikaenda ndani, nikachukua daftari na kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika: kenge akitokea, ndege huacha nafaka. Sikungoja kuona walichofanya baadaye. Ningekaa nusu saa tu ningewaona wakirudi kwenye turubai, tena wakiwa wengi zaidi, lakini nilikuwa nimeshapata sentensi yangu na chai ilikuwa inapoa.

Sasa niseme habari ya wimbi. Baba alikuwa mtu wa wimbi, nafaka ambayo wengine huiita ulezi. Kila mavuno alipita shambani akichagua masuke yaliyojaa vizuri, akayafunga fungu, akalitundika juu ya meko ili moshi uzuie wadudu. Mbegu ile aliipata kwa baba yake, naye kwa baba yake. Alipofariki aliacha fungu moja. Kwetu siku ya kumaliza matanga ukoo hukusanyika kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, na mrithi huonyeshwa mbele ya watu. Mama alisema pombe ya siku hiyo itoke katika mbegu ya baba, ipandwe katika shamba la baba, lile la pembeni ya kinamasi. Na masuke bora yafungwe fungu jipya, akabidhiwe mrithi mbele ya wote. Mrithi ni mimi, mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa hiyo wimbi lile lilibeba mambo mawili kwa pamoja: kumuaga baba, na kunikabidhi mimi kilichokuwa chake.

Mama alilima, akapanda, akapalilia. Wimbi lilipoanza kukaza punje alijengewa dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, naye akawa anashinda juu yake tangu alfajiri hadi jua linazama akiamia ndege. Alikuwa na kombeo, lundo la udongo uliofinyangwa, na kamba ndefu yenye madebe matupu. Aliivuta kamba, madebe yakalia, ndege wakaruka. Aliwatukana pia, na nadhani matusi ndiyo yaliyofanya kazi zaidi.

Zilibaki siku chache kabla ya kuvuna dada yake alipolazwa hospitali ya Masafu akafanyiwa upasuaji. Mama alitakiwa akamuuguze kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, mpaka binti wa mgonjwa afike kutoka upande wa Kenya. Akanipigia simu. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba wimbi ni la baba yako na siku ni tatu.

Nilikuwa na gunia la karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilikuwa pia na sentensi yangu nyekundu. Nilimtia kenge katika kiroba chenye matundu, nikapanda bodaboda kwenda nyumbani. Mwendeshaji aliuliza mara moja kitu kinachomgusa mgongoni ni nini, nikamwambia ni vifaa vya shule.

Ijumaa asubuhi Mama alinikuta nimemfunga kenge kiunoni kwa kamba ya ng'ombe, nampigilia kigingi katikati ya wimbi, hatua chache kutoka kwenye dungu. Lazima nieleze kwamba Mama aliuza samaki mpakani kwa miaka mingi. Nyumbani tunaongea Kidhopadhola, lakini anapotaka kunigombeza hugeukia Kiswahili cha sokoni, ambacho ndani yake mimi, wewe na yeye wote ni "na", kwa sababu ndicho alichozoea kugombezea wateja.

"Hii nini?" aliuliza.

"Mlinzi, Mama. Ndege wanamwogopa sana. Nimechunguza."

"Mlinzi gani nalala?"

Kenge alikuwa amelala kweli, kidevu juu ya bonge la udongo. Kabla sijajibu mramba mmoja alitokea upande wa kinamasi, akamrukia. Shore wakaja. Akaja tipitipi, ambaye kwa kawaida hujificha vichakani, akasimama juu ya kigingi. Mama alikuwa ameshika mfuko wake wa safari, kitenge kimefungwa vizuri, yuko tayari kuondoka. Hakuondoka. Aliinamisha kichwa akasikiliza, kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyosikiliza katika miaka yote mitatu ya kufuga.

"Hawa hapana ogopa," alisema. "Hawa naitana."

"Mama, hiyo ni sauti ya hofu. Mimi nafundisha mambo haya."

"Wewe nafundisha ndege?"

"Nafundisha watoto."

"Basi fundisha watoto. Hapa wewe panda juu, kaa, vuta debe. Siku tatu tu. Hapana shuka."

Nilimwahidi. Nilimbebea mfuko hadi barabarani, nikamwahidi tena. Nikarudi, nikapanda dungu, nikakaa kwa muda ambao mtu angeimba wimbo mmoja wa kanisani bila kiitikio. Fito ziliniuma makalio. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi za mtihani. Chini, ndege walikuwa wanamzomea kenge kwa nguvu zote, na mimi nilijiuliza mtu mzima mwenye cheti anavuta madebe ya nini ilhali sayansi imeshafanya kazi. Nikashuka, nikaenda kukaa barazani kwenye kivuli. Kutoka hapo shamba silioni, ila nalisikia.

Nililisikia siku tatu. Kelele zilianza asubuhi na kuongezeka hadi adhuhuri, na kila zilipoongezeka nilifurahi zaidi. Nilimwaza baba, jinsi alivyohangaika na kombeo maisha yake yote, nikamwonea huruma kwamba hakupata mtoto wa kumwambia siri hii mapema. Adhuhuri nilikwenda kumpelekea kenge mayai mawili. Nilipoingia shambani ndege waliruka kwa wingi ambao sijawahi kuuona, kwera wa manjano, na wale wadogo wa kahawia wenye midomo minene, wakaruka mawimbi kwa mawimbi hadi jua likafifia. Waliruka kwa sababu walimwona mtu. Mimi nikaandika katika daftari kwamba wanakimbia. Chini kulikuwa na makapi mepesi yaliyosambaa. Nikaandika kwamba upepo ni mkali.

Jumamosi baba mdogo alipita. Shamba lake la wimbi linapakana na la baba, na alikuwa ameacha kuamia mapema akaja kunisalimia.

"Leo kwangu hakuna ndege hata mmoja," alisema. "Wote wako kwako. Nimekuja kushukuru."

"Ni yule kenge," nikamwambia kwa unyenyekevu. "Nguvu zake zinafika mbali."

Yeye ni mtu wa adabu, na mimi ndiye mwenye elimu katika familia. Aliuliza kama kenge anaendelea kunenepa, nikasema anaendelea, akaenda zake.

Linaloniaibisha kuliko yote lilitokea Jumapili asubuhi, na hakuna aliyeliona, kwa hiyo ningeweza kulificha. Nilikuwa nimefika swali la saba katika zile karatasi. Swali nililitunga mwenyewe: eleza kwa nini ndege wadogo hupiga kelele wanapomwona adui aliyetulia. Jibu ni kwamba wanaitana ili wakusanyike wamzonge, na kelele hizo huvuta ndege wengine, hata wa aina nyingine, kutoka mbali. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kwamba wanapiga kelele kwa sababu wanaogopa na wanataka kukimbia. Nilimpa sifuri. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: soma vizuri. Nyuma yangu, mwendo wa dakika mbili, ndege wa Sop Sop nzima walikuwa wameitikia mwito, wamemwona adui, wameona kwamba adui ni mzembe anayelishwa mayai na amefungwa kamba, na kwa kuwa walikuwa wameshafika, kama watu waliokimbilia ugomvi wakakuta chakula kimetengwa, walikaa wakala. Nilimaliza karatasi ile nikachukua nyingine.

Saa sita hivi kelele zilikoma. Mwanzoni niliridhika. Kisha nikaona kwamba hata mimi naweza kufikiri nikilazimika, na wazo lililonijia lilinifanya niache kalamu. Nikaenda.

Wimbi lilikuwa limesimama. Ukilitazama kwa mbali ungesema linangoja kisu. Nilishika suke moja, vidole vyake vilikuwa vyepesi, nikalisugua kiganjani, nikapuliza. Hakikubaki kitu. Nikashika lingine. Niliendelea hadi kigingini, nikisugua na kupuliza. Kenge hakuwepo. Kitanzi cha kamba kilikuwa chini, na damu kidogo mahali ambapo kunguru walikuwa wamemfanyia kazi mkia wake kwa siku tatu. Alikuwa amejikamua akatoka. Sikuhitaji kumtafuta, kwa sababu juu ya mafunjo ya kinamasini mramba alikuwa anapiga mbizi na kupanda, anapiga mbizi na kupanda, kila mara mbele kidogo zaidi, na kwa kumfuata yeye niliona njia yote aliyopita mnyama wangu hadi majini. Nilimpenda kenge yule. Nasema hivyo nikijua inavyosikika. Nilisimama pale nikiwa na mayai mawili mfukoni.

Mama alirudi saa kumi. Hakuingia nyumbani kwanza. Alipita moja kwa moja shambani na mfuko wake begani, nami nikamfuata kwa nyuma nikieleza. Nilieleza kuhusu kelele, nikaeleza kuhusu kamba, nikataja upepo. Alishika suke, akasugua, akapuliza, akatazama kiganja chake. Alilitupa, akashika la pili. Nilitaka anitukane. Matusi yake nayajua tangu utoto, na baada yake hupika chai na mambo huisha. Badala yake alikwenda kuweka mfuko ndani, akarudi na ungo na kisu.

Kando ya shamba, upande unaotazama njia ya watu, kulikuwa na mistari michache ambayo ndege waliiogopa kwa sababu wapita njia walikuwa wengi. Mama aliivuna suke kwa suke siku mbili nzima, akinizuia kumsaidia. Mbegu yote ya baba iliyosalia ilijaa ungo mmoja. Aliteua masuke bora akafunga fungu dogo la mbegu. Yaliyobaki aliyachanganya na wimbi la baba mdogo, maana peke yake hayakufika hata nusu ya kinachohitajika.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulijaa ua. Katekista alisali, akamkumbuka marehemu kwa maneno mazuri. Chungu kilipoletwa kati, watu walikitazama, kisha wakatazamana, kwa sababu kilikuwa kile kidogo cha siku za kawaida. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa upole imekuwaje, kwani wote walikuwa wamepita barabarani na kuliona shamba la marehemu likiwa limependeza.

Mama alijibu yeye, kabla sijafungua mdomo. Alisema kwamba msimu huu ndege walizidi. Alikuwa dunguni kila siku, alisema, na bado walimshinda. Wanawake waliguna kwa kumhurumia. Mmoja alisema ni uzee, mikono haivuti tena kamba kama zamani, na Mama akakubali kwamba ni uzee. Mama hajawahi kushindwa na ndege tangu azaliwe. Baba mdogo alikuwa anatazama kwato za ng'ombe aliyefungwa ng'ambo ya ua. Nilijua kwamba huo ndio wakati wa kusimama niseme, na nilikuwa na sauti ya kutosha, nimezoea kuongea mbele ya watu sabini kila siku. Niliona aibu, nikanyamaza. Nikatangazwa mrithi, watu wakapiga vigelegele, nikapewa mrija nivute wa kwanza.

Mama akatoka jikoni na lile fungu la masuke. Watu walisogea wampishe, na nikaanza kunyoosha mikono huku mrija ungali mdomoni. Alinipita. Alikwenda hadi kwa baba mdogo, akapiga goti, akamkabidhi, akamwomba kwa Kidhopadhola alitundike juu ya meko yake. Mtu mmoja alikohoa.

Aliporudi alipita karibu nami akainama, na akatumia kile Kiswahili chake cha sokoni ili wengi wasishike. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, jinsi unavyomwelewesha mteja mzuri kwamba samaki anayemtaka ameshauzwa.

"Wewe mwalimu, wewe nakuja Jumamosi tu. Mbegu hii nataka mtu ya kila siku."

Nilitaka kumwambia kwamba Busia si mbali, kwamba ningeweza kujifunza, kwamba fito za dungu zinazoeleka. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pombe ya baba. Nikameza, nikasema, "Sawa, Mama."